Kutu ya Nje, Kutu ya Ndani

Baiskeli yangu ya kwanza ya mtumba niliichagua kwa rangi. Ilikuwa ya buluu iliyokoza, inang'aa mpaka kwenye spoku, na mnyororo wake umepakwa mafuta mabichi yanayometameta. Sikuwa nimepanda baiskeli tangu utotoni, na nilichotaka ni chombo cha bei nafuu cha kunipeleka kazini na kunirudisha. Nikaizunguka mara mbili, nikabonyeza matairi kwa kidole gumba kama nilivyowaona watu wakifanya, nikapiga kengele, nikalipa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na rangi mpya juu ya chuma cha zamani ina unyemi uleule.

Kidonda chenyewe nilikigusa jioni hiyohiyo. Kiti kilikuwa chini mno, kila nikikanyaga pedali magoti yananipanda kifuani. Nikalegeza nati ya kibano, nikashika kiti kwa mikono miwili, nikavuta. Hakikusogea. Nikakizungusha kushoto na kulia, baiskeli nzima ikazunguka nacho. Nikadondoshea mafuta ya kulegezea kutu, nikalala, nikaamka, nikavuta tena. Wiki mbili nilifanya hivyo kila jioni, mpaka viganja vikachubuka, na lile bomba la kiti halikupanda hata upana wa unywele.

Sababu yake nimeielewa baadaye, na tangu niielewe siwezi tena kuitazama baiskeli bila kuiwazia. Bomba la kiti lilikuwa la alumini, fremu ilikuwa ya chuma. Metali hizi mbili zikikaa zimegusana, katikati yake pakaingia maji ya mvua au jasho lenye chumvi, alumini huanza kuliwa. Ule unga mweupe unaotokea hujaza nafasi kubwa kuliko metali iliyokuwapo mwanzo, kwa hiyo bomba huvimba ndani ya fremu na kujibana lenyewe. Kwa nje huoni chochote. Aliyeipaka rangi ile ya buluu aliipaka kuzunguka kibano kilekile, bila kukifungua.

Mwisho niliikokota hadi kwa fundi mmoja mzee. Hakuanza na kiti. Aliilaza baiskeli ubavu, akapitisha kidole chini ya bomba kubwa linaloshuka kutoka kwenye shingo ya usukani, karibu kabisa na shingo yenyewe, kisha akanishika mkono na kunipitisha kidole changu palepale. Palikuwa na mkunjo. Mdogo, kama shuka isiyonyooshwa vizuri.

"Hii imeshagonga kitu, mwanangu," akasema. "Imegonga uso kwa uso, na kwa nguvu."

"Hapanyooki, mzee?"

"Pananyooka. Halafu siku moja panakatika ukiwa juu yake." Akaisimamisha baiskeli, akanirudishia. "Kuna uchafu, kuna uchakavu, na kuna ubovu. Uchafu unausafisha. Uchakavu unaubadilisha. Ubovu unauacha kwa mwenye nao, hununui."

Nilikuwa nimeshaununua. Ningeweza kumuuzia mtu mwingine, rangi ilikuwa bado inapendeza. Sikuweza. Nilifungua vilivyokuwa vizima, yaani pedali, keria, stendi, kengele na boliti zote, nikavitia kwenye kopo, kisha nikachukua msumeno wa chuma na kuikata fremu pale penye mkunjo ili asije mtu akaipanda. Kazi hiyo ilinichukua nusu saa, na ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ufundi wa baiskeli.

Maneno matatu ya mzee yule ndiyo niliyokwenda nayo kutafuta ya pili. Mtu anayeanza hukimbizwa na uchafu, kwa sababu ndio unaoonekana. Vumbi, mnyororo mwekundu kwa kutu, tairi lililokaa chini, kiti kilichochanika, yote hayo humfanya mnunuzi apite, na ndiyo hayohayo yanayoshusha bei. Ubovu hauonekani kwa macho yaliyosimama mbali. Ubovu unatafutwa kwa mkono.

Sasa hivi, kabla sijauliza hata bei, naomba ruhusa ya kulegeza vitu viwili: kibano cha kiti na nati ya shingo ya usukani. Natembea na spana zangu. Naweka alama kwa kalamu pale bomba linapoingilia kwenye fremu, nalegeza, nazungusha. Likigeuka hata kidogo, limepona. Lisipogeuka, nashukuru na kuondoka, hata kama fremu ni nzuri namna gani. Muuzaji asiyetaka nilegeze kibano cha kiti amenijibu bila kufungua mdomo.

Kisha fremu. Napitisha kidole chini ya bomba lile la mbele, nachungulia viungo vyote palipochomelewa, hasa kwenye shingo, na pale chini zinapoingia krenki, ile mikono inayobeba pedali. Ufa mwanzoni huwa ni mstari mwembamba wa kutu unaokatiza rangi. Kutu iliyosambaa juu kama unga haina neno, msasa unaiondoa. Kutu iliyoinua rangi malengelenge ni ya kuchokonoa kwa ncha ya ufunguo, kwa sababu mara nyingine chini yake chuma kimeshakuwa karatasi. Halafu nasimama pembeni na kuangalia foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele: miguu yake inatakiwa ishuke ikifuata mstari wa shingo, ndipo ijipinde kwenda mbele kule chini. Foku iliyorudi nyuma kuelekea pedali imegonga. Mwisho nachuchumaa nyuma ya baiskeli na kufumba jicho moja. Gurudumu la mbele linatakiwa lijifiche nyuma ya gurudumu la nyuma.

Kimo nacho nakihesabu kuwa ubovu, ingawa si kosa la baiskeli. Ukisimama umeitia baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini, lazima pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yako na bomba la juu. Ukikaa kwenye kiti na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kinapandishwa na kushushwa, fremu hairefuki. Watu wengi huambiwa "utaizoea", wakaishia kuumwa magoti na kuamini kwamba baiskeli si chombo chao.

Kuna namba ambayo wanaoanza hawaijui, nayo ni ile ya tairi. Tairi la baiskeli linaweza kuandikwa inchi 26 na lisiingie kwenye rimu nyingine ya inchi 26, kwa kuwa jina hilo limetumika kwa vipimo kadhaa tofauti. Kipimo cha kuamini ni kile chenye kistari katikati, kwa mfano 37-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu. Ile 26 ya baiskeli za milimani ni 559. Ile iliyoandikwa 26 x 1 3/8 ni 590. Zikitofautiana namba za pili, tairi haliingii, hata ulibembeleze vipi. Kabla ya kununua nasoma namba hiyo na kuhakikisha kwamba tairi la kipimo hicho linapatikana ninakoishi, maana baiskeli nzuri isiyo na tairi ni pambo la ukutani.

Tena kuna namba ya fremu, ambayo mara nyingi hugongwa chini kabisa, kwenye bomba fupi la krenki. Ikiwa imekwanguliwa kwa tupa, naiacha. Ikiwapo, naiandika kwenye karatasi ya mauziano pamoja na jina la muuzaji na tarehe. Baiskeli ya wizi ni kilio cha mtu mwingine, sitaki kwenda nayo kazini.

Ya pili niliipata imeegemezwa ukutani, mahali ilipokuwa imesimama miaka bila kuguswa. Ilikuwa ya chuma, ya gia tano, rangi yake sikuijua kwa sababu ya vumbi. Matairi yote mawili yamelala, mnyororo mwekundu kama udongo wa kichuguu, breki zimekwama, pedali moja haipo. Mwenyewe alikuwa akiniangalia kwa mashaka nilipokuwa nikichuchumaa na kusimama, kuchuchumaa na kusimama. Nikaomba kulegeza kibano. Nikashika kiti, nikazungusha.

Kikageuka. Kiligeuka kwa mlio mkavu wa kukwaruza, lakini kiligeuka, na mimi nilisikia furaha ambayo ile ya buluu haikuwahi kunipa.

Nikazungusha magurudumu na kuangalia nafasi kati ya rimu na raba za breki. La mbele lilikwenda sawa, la nyuma lilikuwa likicheza pembeni kama milimita tano. Nikayashika kwa juu na kuyatikisa: yote mawili yalikuwa na mchezo kidogo kwenye ekseli, ule mhimili wa katikati. Nikapapasa kuta za rimu pale breki zinaposhika, nazo zilikuwa bapa. Rimu iliyochimbika ikawa kama kijiko imeliwa na breki, na upepo wa tairi unaweza kuipasua. Kila nilichokiona niliandika kwenye daftari katika safu mbili, uchafu upande mmoja, uchakavu upande wa pili. Safu ya uchakavu ndiyo niliyoitumia kupatana bei: matairi, tyubu, nyaya, raba, mnyororo, kiti. Nawasihi wanaoanza walifanye hili kwa uaminifu wote, kwa sababu vipuri vyangu vilipokamilika vilikuwa vimekaribia bei niliyoinunulia baiskeli yenyewe. Nilikuwa nimeshalijua hilo kabla ya kulipa, ndiyo maana halikuniuma.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Spana za namba 8 hadi 17, na ile ya 15 iwe imara kwa sababu ndiyo ya pedali na mara nyingi ndiyo ya nati za gurudumu. Funguo za pembe sita, bisibisi mbili, koleo, pampu, brashi, grisi, matambara mengi. Spana malaya iwepo kwa dharura tu, kwani hulegea kidogo kwenye kila nati na baada ya muda huimaliza pembe. Zipo na spana nyembamba za koni, nitazifikia.

Siku ya kwanza nilisafisha tu. Nilipiga picha kila kiungo kabla ya kukifungua, nikatandika kitambaa sakafuni na kupanga vipande kwa mpangilio niliovitoa, kutoka kushoto kwenda kulia. Sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu yalitoa karibu vumbi lote, na chini yake ikatokea rangi ya kijani iliyofifia ambayo nimeiacha hivyohivyo hadi leo. Usukani ulikuwa na madoa ya kutu juu ya kromu. Nikasugua kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inakwangua kutu bila kuichubua kromu yenyewe. Inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia.

Pedali iliyobaki, ya kushoto, ndiyo iliyonifundisha kutotumia nguvu kabla ya kufikiri. Nilikuwa nimeing'ang'ania kama nati nyingine yoyote, nikiizungusha kinyume cha saa, na kumbe nilikuwa naikaza. Pedali ya kushoto ina uzi uliogeuzwa, kwa kuwa mkandamizo wa mguu unaozunguka ungeifungua polepole kama uzi wake ungekuwa wa kawaida. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: simamisha spana iangalie juu, kisha isukume kuelekea gurudumu la nyuma. Upande wowote uliopo, huko ndiko kunakofungua. Ya kulia nilichukua kwenye kopo langu, kutoka ile ya buluu.

Kuziba pancha kunajulikana na wengi, ila nimeona kiraka kikiinuka mara nyingi kwa kosa moja, haraka. Unakwangua kwa msasa mahali papana kuliko kiraka, unapaka solusheni kwa wembamba, kisha unasubiri. Dakika tano hivi, mpaka ile hali ya kung'aa iondoke na kidole kisinate. Ndipo kiraka kinawekwa na kukandamizwa kwa nguvu. Solusheni ikiwa bado mbichi, kiraka kinaelea. Kabla ya hapo, jiulize tundu limetoka wapi. Likiwa upande wa ndani wa tyubu, unaoangalia rimu, mkosaji ni kichwa cha spoku, na utepe wa rimu umechanika. Likiwa upande wa nje, kuna mwiba au kioo, na pengine bado kimo ndani ya tairi, kwa hiyo papasa tairi lote kwa kitambaa kabla ya kurudisha tyubu. Yakiwa matundu mawili sambamba, umepanda kingo ya barabara huku tairi lina upepo mdogo, rimu ikaibana tyubu. Mimi hata hivyo matairi nilinunua mapya, kwani yale ya zamani kuta zake zilikuwa zimepasukapasuka kwa ukavu. Upepo wa kujaza umeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, na watu hawausomi.

Sasa niingie kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, gololi.

Nilifungua habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, usiku, watu wameshalala, taa moja mezani. Unashika koni, ile nati inayozibana gololi, kwa spana nyembamba ya 13, unalegeza nati ya kufungia, unazungusha koni itoke, na ekseli inachomoka. Ndani niliikuta grisi iliyogeuka nta nyeusi. Gololi zilikuwa zimezama humo kama mbegu kwenye tope, kumi kila upande. Nikazihesabu kabla ya kuzigusa. Nikazitoa moja moja, nikaosha kikombe zinamokaa na koni kwa mafuta ya taa, nikavipeleka karibu na taa.

Hapa ndipo utaijua afya ya gurudumu. Njia inayopitiwa na gololi kwenye koni ikiwa ni mstari laini unaong'aa, koni ni nzima. Ikiwa na vishimo kama ngozi iliyougua ndui, imekwisha, na hakuna grisi itakayoiponya. Zangu zilikuwa na mstari laini. Miaka yote ile kwenye vumbi, nje imechakaa namna ile, na ndani njia ilikuwa bado kioo. Nilikaa nimeishika koni ile kwa muda mrefu.

Gololi ni vitu vya bei ndogo kabisa, kwa hiyo hubadilishwa zote kwa pamoja, maana moja ikiwa kubwa kuliko wenzake hata kwa kiasi kisichoonekana, hubeba mzigo peke yake. Za mbele kwa kawaida ni za 3/16 ya inchi, kumi kila upande. Za nyuma ni za 1/4 ya inchi, tisa kila upande. Unajaza grisi kwenye kikombe, unazipanda gololi ndani yake moja baada ya nyingine, nazo zinanata zenyewe. Kurudisha ekseli ni kazi ya dakika moja. Kuirekebisha kulinichukua saa nzima.

Koni ikikazwa sana, ukiizungusha ekseli kwa vidole unasikia mkwaruzo, kama mchanga. Ikilegea, gurudumu linacheza. Mahali pa katikati ni padogo mno, tena ukikaza ile nati ya kufungia, koni nayo inasogea kidogo na kukuharibia. Nilifunga na kufungua mara saba. Niliposhika mwishowe, nililitia gurudumu kwenye foku, nikalisukuma taratibu na kuliacha. Likazunguka, likapunguza mwendo, likaonekana kusimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Likaenda mbele tena kidogo, likarudi, kama bembea, mpaka upande wake mzito ukatulia chini kabisa. Gurudumu lililokazwa kupita kiasi husimama ghafla popote lilipo. Lililopata kipimo chake hutafuta uzito wake lenyewe.

La nyuma lilikuwa pia na ule mchezo wa pembeni, na hapo nilihitaji spoku. Niliziminya mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote, nikakuta tatu zimelegea. Spoku inayotoka upande wa kushoto wa habu huvuta rimu kushoto, ya kulia huvuta kulia. Kwa hiyo rimu ikikimbilia kulia mahali fulani, unakaza za kushoto hapo na kulegeza za kulia, robo mzunguko tu kwa kila nati, kisha unazungusha na kutazama upya. Raba ya breki ndiyo iliyokuwa rula yangu. Mwanafunzi anayezungusha nati mzunguko mzima atahamishia tatizo upande wa pili na kuanza kulifukuza usiku kucha. Nilipofikia milimita moja na nusu nikaacha.

Breki sikuzionea ubahili, na sitaki mtu anayesoma hapa azionee. Nyaya zote nilinunua mpya, waya wa ndani pamoja na ganda lake la nje, kwa sababu ganda lililopata kutu ndani hubana waya mpya vilevile. Raba zilikuwa ngumu kama mfupa, nikazitupa. Raba mpya inatakiwa iguse rimu yote, isipande kwenye tairi, maana italikata, wala isishuke chini ya rimu, maana siku moja itaingia kwenye spoku. Ncha yake ya mbele iguse rimu kabla ya ncha ya nyuma kwa unene wa karatasi nene, nayo haitapiga kelele. Baada ya hapo isukume baiskeli ukitembea pembeni yake na ubane breki ya mbele: gurudumu la nyuma linatakiwa liinuke. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla baiskeli haijasimama, kazi haijaisha.

Rimu zangu ni za chuma kilichopakwa kromu. Zikilowa, breki hupungua nguvu kwa kiasi kikubwa sana, tofauti na rimu za alumini. Siku ya mvua naanza kubana mapema zaidi, mwanzo kidogo ili kuifuta rimu maji, kisha kwa nguvu. Nimemwambia hili kila mtu aliyewahi kuniazima baiskeli hii.

Umebaki mnyororo, na hapa nilifanya jambo nusu. Kutoka pini moja hadi pini inayofuata ni nusu inchi, karibu katika kila baiskeli. Ukiweka sifuri ya rula katikati ya pini moja, pini ya 24 baada yake lazima ikae juu ya inchi 12 kamili. Mnyororo unavyotumika, pini na matundu yake hulika, na mnyororo mzima unarefuka. Ikizidi 1/16 ya inchi, ni wakati wa kuubadilisha. Ikizidi 1/8, umeshakula na meno ya sproketi, yale magurudumu yenye meno yanayovutwa na mnyororo, nayo yamefuata urefu wake. Wangu ulikuwa umezidi 1/8. Nilijua maana yake, lakini fedha ya mwezi ule ilikuwa imeisha, nikanunua mnyororo mpya peke yake na kuacha sproketi za nyuma za zamani.

Asubuhi ya kwanza kwenda kazini ilikuwa na ubaridi kidogo. Baiskeli haikutoa sauti yoyote isipokuwa ile ya matairi juu ya barabara. Nilikuwa naujua kila mviringo unaozunguka chini yangu, ni wa gololi ngapi. Nilipofika mlima mfupi nikasimama juu ya pedali, na pedali ikakimbia ghafla chini ya mguu kwa mshtuko, tak, kisha ikashika. Tak, tena. Mnyororo mpya ulikuwa unaruka juu ya meno yaliyolika, kwenye ile sproketi iliyokuwa ikitumika kuliko zote. Ukiruka wakati umesimama namna ile unaweza kuangukia usukani. Nikakaa chini, nikashuka, nikaikokota mpaka juu. Mwezi mzima baada ya hapo nilitumia gia mbili tu ambazo hazikuwa zimelika.

Sproketi zile tano hukaa pamoja kwenye friwili, na friwili hufungwa kwa uzi kwenye habu. Ubaya wake ni kwamba kila unapokanyaga pedali unaikaza. Miaka yote aliyokanyaga mwenye baiskeli, na mwezi wangu juu yake, yote imo kwenye uzi ule. Nilinunua friwili mpya na kile kifaa chake maalumu chenye meno, nikajaribu kwa spana kubwa. Spana ikateleza, kiganja kikapiga spoku.

Nikarudi kwa yule mzee. Hakunifanyia. Alinionyesha jiliwa iliyofungwa kwenye meza yake, akaniambia nikibane kifaa ndani yake kikiangalia juu, kisha nililaze gurudumu juu yake mpaka meno yaingiane.

"Shika tairi kama usukani wa basi," akasema. "Kata kushoto."

Nikashika pande mbili, nikakata kushoto. Meza ndiyo iliyosogea. Akaja akaikalia. Nikapumua, nikaweka uzito wote wa mabega, na kitu kikalia ndani ya habu kama tawi kavu linalovunjika, gurudumu likazunguka mikononi mwangu, jepesi, uzi baada ya uzi, mpaka friwili ikabaki kwenye jiliwa na mimi nimelibeba gurudumu.

Alinisogezea kopo la grisi kabla sijaomba. Nikafuta uzi wa habu kwa tambara, nikaupaka grisi wote kwa kidole, mpaka kwenye mfereji wa mwisho kule ndani, ili siku friwili hii mpya itakapotakiwa kutoka, itoke. Kisha, nikiwa bado na grisi kidoleni, nikaiendea baiskeli, nikalegeza kibano, nikachomoa bomba la kiti lote na kulipaka nalo.